Tembo Anakula Saa Ngapi?

Tairi la nyuma lilipasuka tukiwa tumeliacha daraja la Katunguru si mbali, tunaelekea Kasese, usiku. Dereva akasogeza lori pembeni, akazima taa, akatoa amri moja: "Hakuna kushuka."

Hatukuhitaji kuelezwa. Barabara ile inakatiza katikati ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na nyuma yetu kulikuwa na marobota ya majani makavu yenye harufu ya kumwita mnyama yeyote mwenye pua. Jeki ilikuwa imegoma. Tukabanana kwenye kabini, mimi, dereva na utingo, tukingoja lori la mwenzake litoke Mbarara.

Walikuja karibu na saa sita. Hatukuwaona, tuliwasikia. Kwanza mkwaruzo mrefu wa nyasi zinazong'olewa, kisha vishindo vidogo vya harakaharaka: tembo anakipigapiga kishungi cha nyasi kwenye mguu wake ili udongo udondoke kabla hajakitia mdomoni. Kisha kutafuna. Kisha mkwaruzo tena, hatua mbili mbele. Mara mojamoja mmoja ananguruma, au mavi yanaanguka, pu, pu, pu.

Utingo akanong'ona: "Hawa hawalali?"

Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, nadhani ndiyo maana mzigo wangu ulisalimika. Lori la pili lilipofika, usiku umeshachoka, walikuwa bado wanakula.

Ujumbe wa mpwa wangu

Tukio lile lingebaki hadithi ya kusimulia dukani, kama si ujumbe uliokuwa unanisubiri kwenye simu tangu kabla ya safari. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko Ghuba. Mnajua vijana wetu wanavyokwenda: huyu ulinzi, yule kazi za ndani, mwingine udereva. Yeye bahati ilimtupa kwenye bustani ya wanyama ya tajiri mmoja (siitaji, mkataba wake bado haujaisha), na humo akakabidhiwa tembo watatu wa Kiafrika, wote majike.

"Salaam aleikum mjomba. Wewe unawapigia watu hesabu za ng'ombe, nipigie na mimi ya tembo. Huyu mkubwa anayumba kutwa, meneja anasema labda hashibi."

Chini yake video. Tembo amesimama mbele ya mlango wa chuma. Anaegemea mguu huu, anaegemea ule, kichwa kinafuata, mkonga unafuata. Mbele yake hakuna mtu wala kitu. Video nzima ni hiyo tu.

Niliitazama mpaka mke wangu akauliza nina nini.

Hesabu ilikubali

Kazi yangu naijua. Ng'ombe unamzungushia utepe kifuani, unakadiria uzito, unauliza anatoa maziwa kiasi gani, unampangia majani, pumba na mashudu. Tembo naye ana kanuni zake zilizoandikwa: kwa siku, chakula kikavu cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mwili wake. Jike la kilo 3,000 linataka kilo 30 hadi 45 hivi. Porini, ambako anakula vibichi vilivyojaa maji, mzigo unapita kilo 100 bila shida. Tena tumbo lake si la ng'ombe. Tembo hacheui. Chakula chake kinachachuka huko nyuma, kwenye utumbo mpana, kama cha farasi. Kinapita upesi, na zaidi ya nusu kinatoka bila kumeng'enywa.

Nikaomba orodha ya wanachopewa. Alfalfa kavu, yale majani laini ya mifugo, ya daraja la juu. Vidonge vya kiwandani. Karoti, tufaha, mkate. Na ndizi, ambazo wageni wanauziwa kwenye ndoo ili wawalishe tembo kwa mkono na kupiga picha.

Nikajumlisha. Hesabu ilikubali, tena ikazidi.

Picha nazo zilisema hivyohivyo. Unene wa tembo unasomwa kwenye mbavu, mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Kwa hawa watatu mifupa yote ilikuwa imezama, hata pale juu ya mkia. Hawakuwa kioja: uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2016 juu ya tembo wa bustani za Amerika Kaskazini ulikuta asilimia 74 wana mwili uliozidi. Meneja angeweza kulala usingizi wake kuhusu njaa.

Sasa kama wameshiba, kuyumba kunatoka wapi?

Hapo ndipo usiku wa Katunguru ulipoanza kunisumbua. Nikiwa dukani napima pumba, nausikia ule mkwaruzo. Nikiwa kwenye matatu kwenda Kampala, nausikia. Kilichonishughulisha ni ile saa. Nani duniani anamlisha tembo wa kufugwa saa sita za usiku?

Robo tatu ya siku

Bahati nzuri, jambo hili lilichunguzwa hapahapa kwetu. Pale Mweya, ndani ya hifadhi ileile, kituo cha utafiti kilifunguliwa 1961. Miaka kadhaa baadaye watafiti Wyatt na Eltringham wakakaa na tembo mchana na usiku, wakiandika kila mmoja anafanya nini. Kazi yao ilichapishwa 1974, wakati hifadhi inaitwa Rwenzori, jina la enzi za Amin. Walikuta tembo anatumia karibu robo tatu ya muda wake kula, na kwamba ulaji huo unapanda mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri, na usiku wa manane.

Usiku wa manane.

Robo tatu ya siku ni saa 18. Sasa rudi kwa tembo wa mpwa wangu. Wageni wakiondoka jioni, wanaingizwa bandani na kufungiwa, kila mmoja chumba chake. Wanamwagiwa alfalfa sakafuni. Ni laini, imerundikwa mahali pamoja, haina cha kung'oa wala cha kukung'uta, wanaimaliza mapema. Kuanzia hapo mpaka gari la asubuhi hakuna kitu. Mnyama ambaye kwa kawaida hutafuta, huvuta, huchambua, hutafuna, husogea kidogo na kuanza upya, ameletewa kazi yake ya siku ikiwa imeshafanywa na mtu mwingine.

Mgao wa kilo nikauweka pembeni. Nikamwandikia: "Subiri kwanza. Nataka kujua saa zao."

Anayumba, anapapasa, amesimama

Sharti langu lilikuwa moja: usibadilishe chochote mpaka tupate jedwali.

Mtu ukimwambia aandike mnyama anafanya nini, ataandika kilichomvuta macho. Tembo akipiga mlango kwa kichwa, kinaandikwa. Akisimama tu muda mrefu, hakiandikwi, kwa kuwa "hakuna kilichotokea". Mwisho wa wiki una daftari lililojaa vituko na hujui lolote kuhusu siku ya mnyama. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, alilichambua tatizo hili na dawa zake katika makala ya 1974 (mwaka uleule wa tembo wa Mweya, sijui hewani kulikuwa na nini), na wachunguzi wa tabia za wanyama hawajaiacha njia yake hadi leo. Unapanga orodha ya matendo kabla ya kuanza. Unategesha saa. Ikilia, unaandika kila mnyama anafanya nini wakati huohuo, kiwe kinavutia au la. Mpwa aliiwekea simu yake mlio wa kila baada ya dakika kumi. Wenzake wa chumbani nasikia walimlaani.

Orodha yetu tuliiandika kwa Kiswahili: anakula, anatafuta, anatembea, amesimama, anayumba, anajirushia vumbi, anamgusa mwenzake, amelala. Tulibishana juu ya "anatafuta". Kwake yeye, tembo anayepapasa sakafu kwa ncha ya mkonga anatafuta chakula. Mimi nikamuuliza sakafu ina nini. Akasema haina kitu, imefagiwa. Nikasema basi huyo hatafuti, anapapasa. Tukaongeza safu ya "anapapasa", na siku za mwanzo nilidhani ni ubishi wa bure. Safu hiyo ndiyo iliyojaa kuliko zote za jioni.

Usiku ulikuwa mgumu, maana haruhusiwi kuwa bandani. Mlinzi wa kamera, kijana kutoka Nepal, akakubali kumwonyesha rekodi kwa malipo ya chai.

Jedwali lilipojaa sikuhitaji profesa wa takwimu. Kuyumba hakukutapakaa ovyo. Fungu moja lilikaa kabla ya kila mlo na lilianza na sauti ya gari la chakula ikiwa bado mbali. Fungu la pili, refu kuliko la kwanza, lilikaa katikati ya usiku, mulemule ambamo wale wa Katunguru walikuwa wananing'olea nyasi sikioni.

Tembo watatu hawathibitishi jambo, najua. Lakini walitosha kunionyesha pa kuanzia.

Mavi kwenye simu

Mfugaji hasomi mnyama kwa mbele tu. Nilimwambia mpwa achukue bonge la mavi la kila tembo, alipasue, alitandaze juani, aweke kalamu pembeni, apige picha. Dada yangu akijua ninachomfanyisha mwanawe aliyekwenda kutafuta riziki, nina kesi.

Mavi ya wale wadogo wawili yalikuwa kama ya kitabuni: nyuzi fupi, zilizosagika, zinazolingana. Ya yule mkubwa, anayeyumba, yalikuwa na mashina mazima ya alfalfa. Baadhi yalikuwa marefu kuliko kalamu. Shina moja lilikuwa limeingia mbele na kutoka nyuma likiwa na majani yake.

Huyo hatafuni.

Tembo ana seti sita za magego kwa maisha yake yote. Hayaoti kwa kupanda juu kama yetu. Yanasukumana kutoka nyuma kwenda mbele. La mbele likisagika hadi kumeguka, la nyuma linachukua nafasi. Ya sita yakiisha hakuna mengine, na tembo mzee porini hufa akiwa katikati ya majani. Elimu hii pia imetoka kwetu, kwa bei ambayo hainipendezi. Kati ya 1965 na 1967 tembo wapatao 2,000 walipigwa risasi Murchison Falls, kusini mwa Nile, kwa mpango rasmi wa kuwapunguza, kwa hoja kwamba wamezidi na wanamaliza miti. Richard Laws, mkuu wa kwanza wa kituo cha Mweya, alikuwa ameshatumia taya za tembo wa Uganda kupanga kanuni ya kukadiria umri kwa magego, akaichapisha 1966. Hadi leo mtu anayetaka kujua umri wa fuvu la tembo huanzia kwa Laws. Na kufikia 1980, vita na majangili wakiwa wameingia, "waliozidi" walikuwa wamebaki wa kuhesabika.

Kwa yule mkubwa tukaamua mambo mawili. Majani yake yakatwekatwe mafupi na kulowekwa. Na daktari wa mifugo atazame mdomo wake, ombi ambalo mpwa ilibidi aliwasilishe kama wazo la meneja.

Majani mabaya

Sasa ikaja sehemu iliyonichekesha. Maisha yangu yote nawahubiria wafugaji wa maziwa: kata mapema, kabla hayajakomaa, majani yakiwa magumu ng'ombe hatoi kitu. Mabingobingo yakishavimba bua namwambia mtu atandike nayo banda. Na ndiyo yaleyale, ebisagazi ya Waganda, yanayoitwa nyasi za tembo. Wachunguzi waliofungua matumbo ya tembo wa magharibi mwa Uganda miaka ya 1950 walikuta nyasi ndizo nyingi, pamoja na majani ya miti na magome. Nyasi za kawaida, ngumu, zenye chakula kidogo.

Kwa hiyo nikajikuta namtafutia tembo bidhaa ambayo mteja wangu wa Bombo angenirudishia. Alfalfa ipunguzwe sana. Badala yake nyasi za Rhodes, ambazo asili yake ni huku Afrika na huko Ghuba zinalimwa, tena zilizokomaa, zile ambazo watu wa ng'ombe wanazikataa. Mkate utoke kabisa. Karoti na tufaha zibaki kwa ajili ya mafunzo, tembo anapotakiwa kuinua mguu asafishwe kucha. Kwa kuwa majani makavu hupoteza vitamini E yakikaa, hiyo iongezwe. Na jiwe la chumvi lifungwe mbali na majani, ili alifuate. Tembo wa Mlima Elgon, upande wa Kenya, huingia ndani ya mapango kama Kitum gizani na kuchokonoa ukuta kwa pembe kutafuta chumvi. Huyu hatashindwa kuvuka uwanja.

Nyasi ziwekwe kwenye nyavu za matundu madogo, zining'inizwe juu, hapa moja, pale moja, avute kishungi kimojakimoja. Uchunguzi ule wa Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba tembo wanaolishwa kwa namna nyingi na nyakati zisizotabirika hutembea zaidi. Na nyavu za mwisho zijazwe usiku.

Mpwa akaleta wazo lake: makuti ya mitende. Watunza bustani wanayakata na kuyatupa kwa malori. Tembo akipewa kuti zima, atalikanyaga, atalichana, atalimenya, atautupa ukuti, ataurudia. Ni saa nzima ya kazi, bure. Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka fukusi mwekundu, mdudu anayeila mitende kwa ndani. Nchi zile zinapigana na fukusi huyo kwenye mitende kwa dawa kali, nyingine zinadungwa ndani ya shina. "Usiwape hata kuti moja," nikamwandikia, "mpaka mtu akuonyeshe mti ulipigwa dawa lini na dawa gani." Alichukizwa. Akaenda kuuliza. Mitende ya upande mmoja imepigwa, ya upande mwingine msimamizi wake anaapa kwamba haijaguswa. Mimi kiapo sikichanganyi na chakula. Tumeomba karatasi, bado tunaisubiri.

Kinachoninyima usingizi

Kuna usiku nilimwandikia ujumbe mrefu kisha nikaufuta. Ulikuwa unasema: tunafanya nini hasa? Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha ulinganisho wa umri. Tembo majike wa Kiafrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya, nusu yao walikuwa wamekufa kabla ya kutimiza miaka 17. Wa Amboseli waliokufa kwa sababu za asili, nusu yao walivuka 50. Ukitazama tarakimu hizo, wavu wa nyasi ni pambo la gerezani.

Halafu kuna jambo jingine, ambalo wanaojua tabia za wanyama wanalisisitiza. Kuyumba kunaweza kuwa kovu. Mnyama aliyefungwa mnyororo akiwa mdogo, au aliyekaa peke yake miaka, anaweza kuendelea kuyumba hata mazingira yakiwa mazuri. Basi tukibadilisha lishe na yule mkubwa akaendelea vilevile, tumeshindwa? Na akipunguza, ni wavu au ni kwa sababu mpwa wangu sasa yuko karibu naye zaidi, na simu yake inalia kila dakika kumi? Sikuwa na namna ya kuvitenganisha, na bado sina.

Kilichonirudisha kwenye kazi ni habari ya Aisha.

Daphne Sheldrick, kule Kenya, alihangaika miaka na ndama wachanga wa tembo. Maziwa ya ng'ombe yaliwaua. Mafuta yake hawayawezi. Miaka ya 1970 akagundua kwamba mafuta ya nazi yanakubali, na ndama aitwaye Aisha akawa anakua. Sisi tuliokulia kwenye wali wa nazi tungetamani hadithi iishie hapo. Daphne akasafiri kwa ajili ya harusi ya binti yake, akamwacha Aisha kwa mtu mwingine, na maziwa yaleyale. Aisha akaacha kula, akafa. Tangu hapo yatima wale wanalelewa na walezi wengi wanaopokezana, wanaolala nao usiku, ili moyo wa ndama usimgande mtu mmoja.

Nikalirudia jedwali nikitafuta safu niliyokuwa nairuka: "anamgusa mwenzake". Mchana ilikuwa na alama. Usiku ilikuwa tupu kabisa, kwa sababu ya kuta. Na utafiti wa 2016 ulikuwa umeshasema wazi: tembo anayetengwa na wenzake kwa sehemu kubwa ya muda wake yumo kwenye hatari zaidi ya kuyumba. Tembo wa porini hali nyasi zake za usiku wa manane akiwa peke yake kwenye chumba. Wale wa Katunguru walikuwa wengi, walikuwa wananguruma wakijibizana.

Milango ya ndani ipo, mpwa akasema, kati ya chumba na chumba. Haifunguliwi usiku kwa sababu hakuna mtu wa zamu.

Kuhusu swali la gereza, sina jibu la kumtosha kila mtu. Hapa Uganda tembo wachache walio mikononi mwa watu kwa kawaida ni yatima: mama kanaswa kwa waya uliochomolewa kwenye matairi, au ndama kaachwa matopeni. Kituo cha wanyamapori cha Entebbe chenyewe kilianza 1952 kama makao ya wanyama yatima, na kwa ndama wa namna hiyo chaguo lingine ni kufa. Tembo wa tajiri wa Ghuba hawako kwenye fungu hilo. Kama ningeulizwa ningesema wasingepelekwa. Hawakuniuliza, na tembo wamo bandani leo usiku.

Rafiki yangu wa Nwoya

Nilimweleza haya rafiki yangu mmoja Mwacholi anayenunua kwangu mashudu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Tembo wamekula mihogo ya mama yangu mara mbili. Wewe unakaa hapa unawapangia tembo wa Mwarabu ratiba?"

Ana haki. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaruhusu fidia, lakini kati ya sheria na mama yake kuna fomu, kuna safari, kuna kungoja. Sikumbishia.

Ila alipoondoka nilibaki nawaza kwamba tembo wake na tembo wa mpwa wangu wanapenda kitu kilekile. Shamba la mihogo ni nguvu nyingi mahali pamoja. Tembo anaweza kuchota kwa muda mfupi kile ambacho nyasi zingemchukua usiku mzima. Ndiyo maana anahatarisha risasi, mitaro na kelele za masufuria, na ndiyo maana anakuja gizani. Ndoo ya ndizi ya mgeni ni shamba la mihogo bila mtaro. Mnyama hatakataa. Tukimpima kwa anachokipokea kwa furaha tutadhani tunamtendea mema, na wageni ndivyo wanavyodhani, tembo anaponyoosha mkonga juu ya uzio watoto wakishangilia.

Mpaka sasa

Nyavu zimefungwa. Meneja alikubali kwa sababu nyasi za Rhodes zilizokomaa ni rahisi kuliko alfalfa, sina udanganyifu kuhusu hilo. Mkate umetoka. Ndoo za ndizi hazijatoka, zinaleta pesa. Tumefika kwenye kupunguza ukubwa wa ndoo. Daktari alimtazama yule mkubwa, gego moja upande wa kushoto limevunjika vibaya, na sasa majani yake yanakatwa.

Wale wadogo fungu lao la usiku limepungua. Mpwa anasema wanafika saa saba, saa nane wakiwa bado wanavuta. Mkubwa bado anayumba akisikia gari. Usiku ananipa matumaini, kisha siku mbili tatu ananinyang'anya. Sijui nimweke upande gani wa jedwali.

Mlango mmoja wa ndani umeruhusiwa kubaki wazi, kwa majaribio, kwa sharti kwamba mtu awepo. Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, ambaye mkataba unampa likizo hivi karibuni. Nimemwambia asipande ndege kabla hajamfundisha yule kijana wa Nepal kufunga nyavu na kusoma tembo wanaoanza kugombana, la sivyo mlango utafungwa siku ya kwanza. Dada yangu amepata habari. Amenipigia simu kuuliza ni mjomba gani anayemzuia mtoto asije kumwona mama yake kwa ajili ya mlango wa tembo. Nimemwahidi ni suala la siku chache. Hajaridhika, na Ijumaa ninaitwa kwake kujieleza mbele ya wazee.